Nyumba inavuma ukiwasha joto: mwongozo kamili wa kumsaka mkosaji kuanzia boila hadi rejeta

Mtu anasikia mvumo ukutani, anachukua ufunguo wa kutolea hewa, anafungua rejeta iliyo karibu. Hewa hakuna. Anafungua ya pili, ya tatu. Kisha anapandisha kasi ya pampu akidhani maji hayasukumwi vya kutosha, na mvumo unazidi. Mwishowe fundi anaitwa, pampu inabadilishwa, pesa inatoka, na juma linalofuata ukuta unavuma vilevile.

Kisa hiki nimekisikia mara nyingi mno, na karibu kila mara kosa ni moja: watu wanaikimbilia sauti pale wanapoisikia. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde, ndani ya maji karibu mita 1,500, na ndani ya chuma karibu mita 5,000. Valvu inayotetema chumba cha juu inaweza kulia chini ya ngazi, huku aliye chumbani humo akilala fofofo. Ndiyo maana hapa tunaanza na saa na daftari, spana itasubiri.

Mfumo ninaouzungumzia ni ule wa boila kupasha maji, pampu kuyazungusha kwenye mabomba, na rejeta za ukutani kutoa joto vyumbani. Nyingi siku hizi ni mifumo iliyofungwa, yenye geji ya presha. Kama yako ina tangi dogo la maji darini badala ya geji, ruka hatua ya 3 na ya 10, zilizobaki zinakuhusu.

## Vifaa

- Saa, daftari na kalamu
- Bisibisi ndefu ya bapa, sentimita 25 au zaidi (hii ni ya kusikilizia)
- Ufunguo mdogo wa kutolea hewa kwenye rejeta
- Spana malaya moja
- Matambara mawili makavu na bakuli
- Chupa ya kioo yenye mfuniko, na sumaku yoyote ndogo
- Tochi
- Geji ya upepo wa matairi na pampu ya baiskeli
- Vipande vya raba laini au kitambaa kizito cha sufu

Daftari usilidharau. Aliyeandika saa tatu za mvumo wake kwa makini huwa ameshamaliza nusu ya kazi.

## Mipaka usiyovuka

Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote, fungua madirisha, toka nje na upige simu ya dharura ukiwa huko. Usifungue mfuniko wa boila: kwenye boila nyingi mfuniko huo ni sehemu ya njia ya hewa inayolisha moto, na ukirudishwa bila kuziba vizuri moshi wenye sumu unaweza kuingia nyumbani. Weka king'ora cha kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, kwa hiyo pua yako haitakusaidia.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote ya pampu au valvu yenye waya, zima umeme wa mfumo kwenye swichi kuu. Na kumbuka mabomba haya hufika nyuzi 60 hadi 80 za Selsiasi. Yanaunguza.

## Hatua ya 1: Andika sauti inatokea lini

Chagua muda ambao mfumo umepoa kabisa, mathalani asubuhi kabla joto halijawashwa. Waombe watu wa nyumbani wasifungue bomba wala kuvuta maji chooni kwa saa moja na nusu hivi. Fungua valvu zote za rejeta kama zinavyokaa siku zote, usirekebishe kitu. Washa joto, kisha kaa karibu na boila na uandike dakika ya kila tukio: pampu imeanza, moto umewaka, mvumo umeanza, moto umezima, mvumo umekoma.

Sasa soma ulichoandika.

Mvumo umeanza sekunde chache baada ya kuwasha, moto haujawaka. Mshuku pampu, hewa ndani ya maji, au valvu ya mota, ile yenye kijisanduku cha umeme inayoelekeza maji upande huu au ule.

Umeanza moto ulipowaka na ukakata moto ulipozima. Mkosaji yumo ndani ya boila. Hapa una bahati, kwa sababu pampu nyingi huendelea kuzunguka dakika kadhaa baada ya moto kuzima ili kuondoa joto lililobaki. Kama katika dakika hizo pampu inazunguka na kuna kimya, pampu haina hatia. Huu ndio ushahidi ambao ungemwokoa yule aliyebadilisha pampu bure.

Umeanza dakika 20, 40, hata saa nzima baadaye, vyumba vilipokaribia kupata joto. Nenda moja kwa moja hatua ya 6. Valvu za thamostati kwenye rejeta, zile zinazojifunga zenyewe chumba kikipata joto, ndipo huanza kufunga, na ndipo vurugu huanza. Watu wengi hukosea hapa: wanapima mfumo dakika tano za kwanza, wanasikia kimya, wanasema limepona.

Ni mlio wa tik-tik au kukwaruza unaokuja maji yakipata joto na kurudi yakipoa, katikati kimya. Ni mabomba yanayotanuka. Hatua ya 8.

Unatokea hata joto likiwa limezimwa. Basi huenda mfumo wa joto unasingiziwa. Hatua ya 2.

Umefaulu hatua hii ukiipata ratiba ileile siku mbili mfululizo. Kama siku ya pili imekuja tofauti, usiendelee. Rudia siku ya tatu.

## Hatua ya 2: Ondoa maji ya matumizi kwenye kesi

Mabomba ya maji ya matumizi na yale ya joto mara nyingi hupita sehemu moja chini ya sakafu. Tangi la choo likijaa, ile valvu ya boya inaweza kutetema ikikaribia kujifunga, na nyumba nzima ikavuma.

Vuta maji chooni, kisha sikiliza hadi tangi lijae. Fungua na kufunga kila bomba la maji moja moja. Halafu funga valvu kuu ya maji yaingiayo nyumbani na uache joto likiendelea kwa nusu saa.

Mvumo ukitoweka valvu kuu ikiwa imefungwa, shughulikia valvu ya boya au raba iliyochakaa ndani ya bomba. Ukibaki palepale, ni wa mfumo wa joto na tunaendelea.

## Hatua ya 3: Soma presha

Mfumo ukiwa baridi, geji isome kati ya baa 1 na 1.5. Ukiwa moto ipande kidogo, isizidi baa 2 hivi. Valvu ya usalama kwa kawaida hufunguka kwenye baa 3.

Presha ikiwa chini mno, vipovu hutokea kwa urahisi upande wa pampu unaovuta maji, kisha hupasuka ndani ya pampu. Mlio wake ni kama changarawe zinazotikiswa kwenye kopo. Ongeza maji taratibu kupitia bomba dogo la kujazia, ukiangalia geji, na simama ukifika baa 1.2 au 1.3. Kisha funga valvu zote mbili za bomba hilo. Moja ikibaki imelegea, maji yanaendelea kuingia kidogo kidogo yakipiga mluzi, na kesho yake utakuta presha imepaa.

Ukilazimika kuongeza maji kila wiki, kuna mahali yanavuja. Kila ujazo mpya unaingiza oksijeni na chokaa mpya, na vyote viwili ni chanzo cha kelele za hatua ya 9. Kwa hiyo tafuta panapovuja kwanza.

## Hatua ya 4: Toa hewa, lakini kwa mpangilio

Zima joto, subiri pampu isimame na maji yapoe. Pampu ikiwa inazunguka unaweza kuvuta hewa ndani badala ya kuitoa.

Anza na rejeta za chini, malizia za juu. Weka tambara chini ya skrubu, zungusha ufunguo robo hadi nusu mzunguko, sikiliza hewa ikitoka. Maji yakianza kutoka bila kukatika, funga. Usiizungushe skrubu hadi ikatoka. Ukifanya hivyo utajua maana ya presha ya baa 1 sebuleni.

Ukifika rejeta ya mwisho, kinga maji kidogo kwenye ile chupa ya kioo na uiweke kando. Tutaihitaji. Kisha rudi kwenye geji, kwa sababu kutoa hewa hushusha presha.

Hewa ikirudi baada ya siku chache, si kawaida. Inawezekana panavuja, au gesi unayoitoa ni haidrojeni inayotokana na kutu inayokula rejeta kwa ndani. Haidrojeni huwaka, kwa hiyo usisogeze kiberiti hapo kwa sababu yoyote ile.

Ishara ya haraka: rejeta yenye hewa huwa baridi juu na moto chini. Ikiwa baridi chini katikati na moto juu, hilo ni tope.

## Hatua ya 5: Sikiliza kwa bisibisi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu wanaiona ya kitoto. Washa mfumo hadi mvumo uanze. Gusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma unachokishuku, na mpini uubane kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Kelele za hewani zinapotea, unabaki na kilichomo ndani ya chuma hicho tu.

Pita sehemu hizi kwa utaratibu huu: mwili wa pampu (usiguse kisanduku chake cha umeme), bomba linalotoka kwenye boila, bomba linalorudi, valvu ya mota, kisha valvu ya kila rejeta, moja baada ya nyingine. Kila mahali andika alama, sifuri hadi tano.

Ukifuata bomba, alama zitapanda, zitafika kilele, kisha zitashuka. Palipo na kilele ndipo mvumo unapozaliwa. Alama zikiwa sawa kote, hujafika bado au chanzo kipo mahali usipoweza kugusa. Endelea na majaribio ya hatua zinazofuata.

Masikio yatazoea haraka. Pampu nzima ina mvumo laini usiopanda wala kushuka. Beringi zilizochoka husaga, kama mchanga kati ya meno. Valvu inayojipigiza hugonga haraka haraka kama kigong'ota juu ya mti. Valvu ya mota yenye afya hutoa zzz hafifu. Ikipiga kelele inayosikika bila bisibisi, mota yake au gia zake zinakwama.

Ukishamaliza, fanya jaribio la mkono. Funga tambara mkononi, kamata kwa nguvu bomba linalotetemeka. Kama mvumo umekufa papo hapo, bomba hilo linakuza sauti ya mwingine kwa sababu limelegea. Kulifunga vizuri kutatuliza nyumba hata kama chanzo hujakigusa. Mimi huhesabu huo ni ushindi, ingawa fundi mkali atasema nimefunika tu.

## Hatua ya 6: Zihoji valvu za thamostati

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa mvumo mkubwa unaochelewa kuanza huishia hapa mara nyingi kuliko mahali pengine.

Ndani ya valvu ya thamostati kuna kisahani kinachosukumwa kuelekea tundu la maji chumba kinapopata joto, na springi inayokirudisha nyuma. Maji yakija kutoka chini ya kisahani, yanakisukuma kifunguke na kila kitu kinatulia. Yakija upande wa pili, yanakivuta kuelekea tundu. Kikikaribia kufunga, maji yanakinyakua, paa, kinafunga. Springi inakirudisha. Maji yanakinyakua tena. Hili likitokea mara kadhaa kwa sekunde, ndio ule mngurumo unaotikisa sakafu.

Jaribio la kwanza. Mvumo ukiwa umeanza, nenda kwenye rejeta moja na ufungue valvu yake ya thamostati hadi mwisho. Subiri dakika mbili. Hakuna mabadiliko? Irudishe ilipokuwa na uende nyingine. Moja kwa wakati. Ukifungua zote kwa pamoja mvumo utakoma, lakini hutajua nani kaunyamazisha.

Jaribio la pili, kwa ile uliyoikamata. Acha mfumo upoe kabisa. Fungua valvu hiyo hadi mwisho, washa joto, shika mabomba mawili yanayoingia kwenye rejeta hiyo. Linalopata moto kwanza ndilo linaloleta maji. Sasa angalia mshale uliochongwa kwenye mwili wa valvu. Kama valvu ipo kwenye bomba linaloleta, mshale uelekee rejeta. Kama ipo kwenye bomba linalorudisha, mshale utoke kwenye rejeta. Ukiwa kinyume, umempata. Mishale miwili inayoangalia pande mbili maana yake valvu inakubali maji kutoka popote, hivyo tatizo ni jingine.

Dawa ya valvu iliyowekwa kinyume ni kuweka mwili mpya unaokubali pande zote mbili. Kazi hiyo inahitaji kupunguza maji kwenye mfumo. Kama hujawahi kuifanya, mwachie fundi bomba, ila sasa unamwonyesha valvu kwa kidole. Kwa muda, iache wazi kabisa na upunguze joto kwa thamostati ya ukutani.

Mshale uko sawa lakini bado inavuma? Maji yanapita kwa nguvu kuliko valvu inavyoweza kuvumilia. Upande wa pili wa rejeta kuna valvu yenye kofia, ya kusawazisha. Vua kofia, ifunge polepole ukihesabu mizunguko hadi mwisho, andika idadi, irudishe ilipokuwa. Kisha ipunguze robo mzunguko kwa wakati hadi mvumo utulie. Rejeta isipopata joto la kutosha, umezidisha.

Angalia pia kama kichwa cha plastiki kimekazwa. Kuna mvumo niliouhangaikia wikendi nzima kumbe ni kichwa kilicholegea kikicheza juu ya valvu. Nilikikaza kwa vidole.

Valvu nyingi zikijifunga kwa pamoja, pampu inabaki na njia chache na msukumo unaelemea zilizobaki wazi. Mfumo unapaswa kuwa na valvu ya mchepuko inayoyapa maji njia ya kurudi kwenye boila, au rejeta moja isiyo na thamostati inayokaa wazi daima. Nyumba ikiwa haina chochote kati ya hivyo, iache rejeta ya chumba chenye thamostati ya ukutani wazi kabisa. Mara nyingi hilo peke yake linatosha.

Umefaulu ukikaa saa mbili joto likiwa limewaka, vyumba vikafika nyuzi ulizoweka, na kigong'ota hakurudi.

## Hatua ya 7: Pampu

Kwanza hakikisha valvu mbili zilizo kando ya pampu ziko wazi kabisa. Iliyofunguliwa nusu hufanya maji yafoke na pampu kulia.

Pampu za zamani zina kasi tatu. Andika ilipo sasa, kisha ishushe ngazi moja na usubiri dakika kumi. Mvumo ukipungua sana na rejeta ya mbali bado inapata joto, iache hapo. Kipimo cha kuridhisha: bomba linalorudi kwenye boila liwe na nyuzi kati ya 10 na 20 pungufu ya linalotoka. Tofauti ikiwa ndogo sana, maji yanazunguka kwa haraka isiyo na maana. Ikiwa kubwa mno, umeshusha kupita kiasi.

Pampu mpya hujirekebisha zenyewe. Zina namna mbili kuu za kufanya kazi: kushikilia msukumo uleule wakati wote, au kuupunguza maji yanapopungua. Kwa nyumba yenye valvu za thamostati, ya pili ndiyo huwa tulivu.

Mhimili wa pampu lazima ulale mlalo. Ukisimama wima, hewa hukusanyika kwenye beringi, zinakauka na kusaga. Na kama bisibisi ilikupa sauti ya mchanga kwenye pampu huku kila kasi ikilia vilevile, basi naam, hii pampu ibadilishwe.

## Hatua ya 8: Mabomba yanayotanuka na yaliyolegea

Mita moja ya bomba la shaba hurefuka takriban milimita 0.017 kwa kila nyuzi moja. Bomba la mita 10 likipanda nyuzi 50 linaongezeka zaidi ya milimita 8. Bomba la plastiki hurefuka mara kadhaa zaidi ya hapo. Urefu huo usipopata nafasi, bomba linajikwaruza kwenye mbao na kuruka kidogo kidogo: tik, tik, tik.

Tembea na tochi penye bomba linalopita kwenye tundu la mbao au ukuta, na linapogusa bomba lingine. Penyeza raba au sufu. Usilibane kwa nguvu, liache liteleze. Usijaze povu gumu kwenye tundu; nimeona likifanywa, na tik ikageuka mlio wa mlango mbovu.

Kwa mabomba yaliyolegea, vibanio viwe karibu vya kutosha: bomba la shaba la milimita 15 linalolala lishikwe kila mita 1.2 hivi, la milimita 22 kila mita 1.8. Kabla ya kupigilia msumari kwenye sakafu, jua mabomba na nyaya zinapita wapi.

## Hatua ya 9: Boila inayochemka kama birika

Mlio wa birika linalokaribia kuchemka, wakati geji ya joto inasoma nyuzi 65, unashangaza. Sababu ni ukoko wa chokaa au tope lililoganda ndani, pale moto unapoyapa maji joto. Maji hayapiti vizuri, sehemu ndogo inachemka, vipovu vya mvuke vinatokea na kupasuka vinapokutana na maji ya baridi zaidi.

Shusha joto la maji kwenye boila hadi nyuzi 55 kwa siku moja. Mlio ukififia, dhana hii inapata nguvu. Hakikisha kwanza pampu hukuishusha kupita kiasi, maana maji yakizunguka polepole mno mlio huwa huohuo.

Sasa ichukue ile chupa, iliyotulia usiku kucha. Maji yakiwa meupe, vizuri. Kukiwa na unga mweusi chini, sogeza sumaku nje ya kioo: ukiifuata, ni oksidi ya chuma iliyotoka kwenye kuta za rejeta zako. Rangi ya kutu nyekundu inaashiria kwamba oksijeni inaingia mfululizo, kwa hiyo rudi kutafuta panapovuja.

Usafishaji unakwenda hivi: dawa ya kusafishia inazungushwa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa yake, maji machafu yanatolewa hadi yatoke meupe, kisha mfumo unajazwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Chujio la sumaku huwekwa kwenye bomba linalorudi, kabla ya boila. Ukiosha bila kuweka dawa ya kuzuia kutu, utarudi hapa.

Mngurumo unaoanza na kuisha pamoja na moto, huku maji yako ni meupe, unaweza kuwa feni, kichomeo au valvu ya gesi. Simama. Hapo anahitajika fundi mwenye kibali cha kushughulikia gesi. Kama pia unaona moto wa njano au masizi, zima boila kabla hajafika.

## Hatua ya 10: Tangi la upanuzi

Maji yanayopashwa kutoka nyuzi 10 hadi 80 huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 3. Mfumo wenye lita 100 unahitaji mahali pa kuweka lita 3 za ziada, napo ni kwenye tangi la upanuzi, lile la chuma lenye utando wa raba ndani na upepo upande mmoja.

Upepo ukiisha, geji inaruka kutoka baa 1 hadi karibu 3 maji yakipata moto, na valvu ya usalama inatetema na kudondosha maji nje. Bonyeza kwa kucha pini ya valvu yake, inayofanana na ya tairi la gari. Yakitoka maji, utando umepasuka na tangi linabadilishwa. Ukitoka upepo au pakiwa kimya, punguza maji ya mfumo hadi geji isome sifuri, kisha jaza kwa pampu ya baiskeli hadi kiwango kilichoandikwa kwenye tangi, mara nyingi kati ya baa 0.75 na 1. Usipime upepo huu maji yakiwa na presha. Namba utakayoiona itakuwa ya maji. Tangi likiwa limefichwa ndani ya boila, si lako.

## Kabla ya kurudisha vifaa kabatini

Rudia hatua ya 1 neno kwa neno: mfumo baridi, saa mkononi, saa moja na nusu bila kuingiliwa. Fanya hivyo asubuhi tatu. Mvumo uliotoweka siku moja tu unaweza kuwa umenyamazishwa na hali ya hewa, kwa sababu nje kukiwa na baridi kali valvu za thamostati hazifikii hatua ya kujifunga.

Ukilazimika kumwita fundi, mpe karatasi yenye mambo haya: dakika ambayo mvumo huanza, kama unaendelea moto ukizima, presha baridi na moto, alama za bisibisi, na chupa yako ya maji. Akitaka kubadilisha pampu, mwonyeshe ule mstari wa dakika ambazo pampu ilizunguka kimya.